Lori la Breki

Tangu gari la wagonjwa alilokuwa akiliendesha lipigwe na kombora, na muuguzi aliyeketi kando yake kufariki, Breki hakugusa tena usukani wa kweli. Jina hilo majirani walimpa kwa sababu alikuwa akisimamisha gari hata kwa ajili ya kuku. Sasa alishinda sebuleni mbele ya kompyuta, akicheza gemu la kuendesha lori. Alipakia nyanya mji huu, akazishusha mji ule. Taa nyekundu zilimsimamisha, za kijani zikamruhusu. Vita haikuwamo.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na lake. Aliswali faradhi, akaongeza sunna, kisha akabaki juu ya msala akiwaombea watu wa mtaa mmoja mmoja, mpaka muuza mkaa waliyenuniana naye.

"Njoo tuswali, mwenzangu," alimwambia kila adhuhuri.

"Nina mzigo njiani."

"Haya. Safiri salama," alijibu, akafunga shungi lake.

Miezi mitatu Breki hakuwa ameswali. Mkewe alijua, na Breki alijua kwamba mkewe anajua.

Jumanne moja, mkewe akiwa katika rakaa ya pili ya adhuhuri, kombora lilishuka karibu. Madirisha yalitetema, chokaa ikamwagika kutoka darini. Breki hakuinua macho. Aliegesha lori pembeni mwa barabara ya kwenye kioo cha kompyuta, akawasha taa za tahadhari.

Mkewe alikata swala.

"Hukusikia?"

"Nimesikia."

"Ni kwa mwoka mikate. Watu wanalia chini ya matofali!"

Hakungoja jibu. Alitoka pekupeku. Breki alizitazama ndala za mkewe mlangoni, akainuka, akamfuata.

Walichimba kwa mikono pamoja na majirani. Mwoka mikate alitolewa akiwa hai, mguu wa kushoto umepondeka. Gari lake la mikate lilikuwa zima, limejaa vumbi. Watu wote wakamgeukia Breki.

"Siwezi," alisema.

Mkewe hakubishana. Alifungua mlango wa mbele akaketi kando ya kiti cha dereva, palepale ambapo muuguzi angeketi. Breki akapanda.

Kwenye njia panda, taa za barabarani zilikuwa zimezimika siku nyingi. Alisimama.

"Unangoja nini?" mkewe aliuliza.

"Nimezoea."

"Breki, ndugu yangu," ilisema sauti ya mwoka mikate kutoka nyuma, kati ya makreti, "leo hakuna kuku barabarani!"

Breki alicheka, bila kutaka, akakanyaga mafuta.

Mguu ulikatwa; mtu akapona. Wakati wa alasiri Breki alitawadha kwenye bomba la hospitali, akatandika boksi lililokunjuliwa ukumbini, akaswali. Alipotoa salamu, uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Sijui nimeswali tatu au nne."

"Shika tatu. Ongeza moja, kisha usujudu sijda ya kusahau."

"Hukuwa unanihesabia?"

"Nilikuwa nalipa adhuhuri yangu."

Akaongeza moja.

Wiki iliyofuata alirudi kazini. Vita iliendelea. Swala zilimpita nyingine, nyingine akaziwahi, na gemu hakuliacha. Asubuhi ya kwanza alikaa ndani ya gari jingine la wagonjwa muda mrefu, mikono juu ya usukani, injini imezimwa. Muuguzi mpya, msichana mwenye miwani, akamwuliza kama kuna hitilafu.

"Hakuna," alisema. "Funga mkanda."