Toleo Lililomwacha Kaka

Kaka yake Kipanya alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, na mdomo wake haukuwa na breki. Hata mechi ya kusinzia aliitangaza mpaka watu wakatoka mbio kwa vinyozi na kwenye gereji kuuliza nani kafunga. Kisha ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukamwingia kwa kuvizia. Ulianza na vidole, ukala mikono, ukala miguu, mwisho ukamkaba ulimi. Akabaki kitandani, akili timamu, masikio mazima, na shavu moja tu la kuchezesha.

Aliyemtafutia njia ya kusema ni mdogo wake wa kike. Huyu alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, na nyumbani walimwita Kipanya tangu utotoni, kwa jinsi alivyoganda kwenye kona yenye kompyuta. Aliandika programu iliyopitisha herufi kwenye skrini moja baada ya nyingine. Kaka akitikisa shavu, kidude kilichobandikwa hapo kilipeleka ishara, herufi ikanaswa, na sentensi ikikamilika kompyuta iliisoma kwa sauti. Neno lake la kwanza lilikuwa "kiu". Mkewe alikimbilia maji huku analia. La pili lilikuwa utani: "Kipanya ana wifi wawili humu ndani. Mmoja hukatika mvua ikinyesha, mwingine hakatiki maneno."

"Mwone!" mkewe alisema, akampiga kofi la mapenzi begani. "Umerudi na ulimi wako uleule."

Kipanya hakuiuza programu ile. Aliiweka mtandaoni bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ukiwa wazi, anayetaka achukue, anayeweza arekebishe. Wagonjwa wa nchi nyingi wakaichukua. Watu wa kujitolea nao walikuja, wakachoka, wakaenda zao. Mwishowe walibaki wawili: yeye na mhandisi mmoja wa ng'ambo ambaye hawakuwahi kuonana ila kwenye skrini.

Mhandisi huyo ndiye aliyeanzisha wazo la kuuacha mfumo wa zamani, asubuhi moja, macho mekundu, mtoto mchanga kamlalia kifuani.

"Dada, mimi nimefika mwisho. Kila tukirekebisha kitu, kwenye ule mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta kinavunjika. Waliouunda wenyewe wameshautelekeza. Sisi ni akina nani wa kuubeba mgongoni?"

"Kaka yangu yumo humo," Kipanya alisema.

"Najua. Na toleo alilonalo litaendelea kufanya kazi, hakuna atakayemnyang'anya. Lakini kuna watu mashavu yao yamelegea, programu haiwasikii tena. Toleo jipya litajifunza hata mtikisiko mdogo kama wa pumzi. Siwezi kuliandika huku navuta mzoga."

Neno "mzoga" lilimchoma, lakini yeye mwenyewe alikuwa hoi. Mchana alifanya kazi ya mwajiri, na saa zilizobaki alizimaliza kuziba viraka kwenye mfumo ule, akiziba hapa panatoboka pale.

Alimweleza kaka yake alasiri ya siku ileile, wifi akimkata kucha pembeni. Kaka alisikiliza, macho darini. Shavu likaanza kucheza. Kompyuta ikasema, "Kata."

"Nikate?"

"Kata. Wengi wako benchi."

"Na wewe je?"

"Mimi bado nacheza."

Wifi akacheka. Kipanya naye akacheka, na ndani ya kicheko kile alihisi mzigo ukimshuka mabegani. Hakuuliza zaidi. Alijua wazi kwamba hakutaka kuuliza zaidi.

Basi wakakata. Maelfu ya mistari ya msimbo, kazi ya miaka, ikafutwa. Tangazo likatoka kwamba kuanzia toleo jipya, mfumo wa zamani hautahudumiwa tena. Wachache walitukana. Wengi walishukuru, na kuna baba aliyetuma video ya binti yake akisema jina la paka wao baada ya kimya kirefu. Kipanya aliitazama mara nyingi.

Kisha shavu la kaka likaanza kulegea.

Kwanza zilikuwa herufi za kupotea. Akitaka "maji" inatoka "mai". Baadaye alihangaika saa nzima kwa neno moja, jasho linamtiririka. Toleo la zamani halikuwa na masikio ya kumsikia. Kipanya akaleta kompyuta mpya yenye toleo jipya, akachomeka kidude. Kompyuta haikukitambua. Kampuni iliyokitengeneza ilishafunga milango, na kitu pekee kilichojua kuongea nacho kwenye mfumo wowote kilikuwa ile sehemu ya msimbo aliyoifuta kwa mkono wake.

Aliagiza kidude cha aina mpya kutoka nje. Kikakwama forodhani. Wakati kinasubiriwa, aliifufua sehemu ile iliyokatwa na kujaribu kuishonea kwenye toleo jipya. Haikushika. Mhandisi wa ng'ambo akaomba ruhusa kazini ili amsaidie, na siku moja akasema kwa sauti ya kukatika, "Dada, nisamehe lile neno langu." Kipanya akamwambia aangalie mstari unaofuata.

Wifi ndiye aliyempigia simu ofisini.

"Ameandika kitu. Kimesimama katikati."

"Ameandika nini?"

"'Mwambie Kipa.' Basi. Nimekaa naye tangu alfajiri, haiendelei."

Kipanya alitoka bila kuaga. Alikuta maneno yale mawili kwenye skrini, na mstari wa herufi ukizunguka, a mpaka z, a mpaka z, hakuna anayeuzuia. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Nimekuja, kaka. Niambie." Uso ule ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

Kidude kipya kilifika baada ya hapo. Alikijaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, kikanasa hata alipomeza mate. Kisha akambandikia kaka. Programu ilionyesha mchoro wa ishara, na mchoro ule ulilala kama uzi ulionyooshwa. Akahamisha kidude kwenye paji la uso, kwenye kidevu, kwenye kope. Uzi haukupanda.

"Anatusikia?" wifi aliuliza.

"Daktari anasema anasikia kila kitu."

"Kila kitu." Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imemlegea mapajani. "Na hawezi hata kutuambia tunyamaze."

Kipanya alibandua kidude taratibu, akalifuta shavu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Simu yake ilikuwa ikiingiza ujumbe mmoja baada ya mwingine, pongezi za toleo jipya. Katikati yake kulikuwa na ujumbe wa mama asiyemjua: mume wangu yuko kwenye mfumo wa zamani, shavu linachoka, tufanyeje?

Aliandika "samahani", akaifuta. Akaandika tena, akaifuta. Wifi alikuwa ameanza kumgeuza mgonjwa ubavu, na mtu mmoja hawezi kumgeuza peke yake. Kipanya aliiweka simu chini, akaenda kushika miguu.