Jumamosi Bernado Anapiga Litungu

Hyasinta Nyangi hakuwa mwimbaji wala mcheza ngoma, lakini Musoma nzima hapakuwa na onyesho lililojaa watu bila yeye kulitangulia barabarani. Alianza kwa kunadi dagaa sokoni. Sauti yake ikawa inavuta hata wateja wa meza za wenzake, mpaka watu wa burudani wakamsikia wakamchukua. Huu ulikuwa mwaka wa sita akikaa kiti cha mbele cha pikapu ya dereva wake Mniko, kipaza sauti mkononi, spika mbili zimefungwa juu ya paa, akiwaambia watu nani anaimba wapi na lini. Kule Kitaji alikokuwa akiishi, akikohoa tu asubuhi majirani walimuuliza Jumamosi kuna nini.

Wiki ile mambo yalikuwa mengi. Alhamisi vikundi viwili vya ngoma vilikuwa vinashindana Butiama, Ijumaa kulikuwa na tamasha la kwaya Bunda, na Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa mpira Musoma, ndilo onyesho lenyewe: ngoma ya akina mama wa Bunda, kisha Bernado Kasmiri wa Kiriba na litungu lake la nyuzi nane. Bernado alijifunza kupiga kwa wajomba zake Wakurya akiwa mdogo, na kwa miaka minne hakuwa amepanda jukwaa la mjini. Florian, mwandaaji wa onyesho, alimletea Hyasinta bango lenye picha ya Bernado, wakalibandika mlangoni mwa gari. Akampa na flashi yenye nyimbo mbili mpya.

"Zipigeni mpaka vijijini kwao," Florian alisema. "Watu wake wenyewe ndio watakaojaza uwanja."

Jumatano wakaelekea huko, wakapita Suguti, wakashuka hadi Kiriba. Kila walipopita, wimbo ulipoanza watu walipiga vigelegele. Kiriba haikuwa hivyo. Litungu lililia kwenye spika, sauti nzito ya Bernado ikaingia, na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakasimama wima. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikuwa ananyoa ndevu nje ya duka; aligeuka povu likiwa shavuni, akaitazama pikapu mpaka ikampita.

"Hawa leo wana nini?" Mniko aliuliza, akipunguza mwendo.

Hyasinta hakujua. Alikuwa ameshika kipaza sauti ili aseme yale maneno yake, alipomwona mwanamke akitoka mbio kati ya mihogo, bila viatu, kanga imemfunguka nusu. Akasimama katikati ya barabara. Mniko akakanyaga breki. Mwanamke yule hakuja dirishani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akashika ubao, akachungulia ndani. Humo mlikuwa na tairi la akiba na jenereta. Akachungulia tena.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, dada?"

"Si mnamwimbisha hapo juu? Yuko wapi?"

Alikuwa Jenoveva, mke wa Bernado. Maneno yalimtoka vipande vipande, na Hyasinta, ambaye alishashuka, akayaokota. Mume wake aliondoka Jumatatu, hii sasa wiki ya tatu, amefuatwa na Florian kwenda kurekodi Bunda. Siku mbili, alisema. Tangu jioni ile simu yake haikupatikana. Alipompigia Florian akaambiwa Bernado amepelekwa Mwanza kumalizia nyimbo, wasanii ndivyo wanavyofanyaga, atulie.

"Mimi nikasikia sauti yake inakuja toka huko chini," Jenoveva alisema. "Nikasema, huyo amerudi. Ameamua kurudi na fujo zake."

Hyasinta alimwambia Mniko azime muziki. Akampigia Florian hapohapo.

"Dada Hyasi, Bernado yupo, amepumzika," Florian alijibu kwa furaha. "Msanii lazima umfiche kabla ya onyesho, watu wamtamani. Mwambie shemeji Jumamosi atamwona." Akaongeza, "Halafu huko Kiriba inatosha. Msirudi tena. Fanyeni Bunda na Butiama."

Jenoveva alitaka kuambiwa alichosema. Hyasinta akamwambia: yupo, amepumzika. Alipoyasema hayo aliyasikia yanavyopendeza, jinsi sauti yake ilivyoyabeba vizuri. Uwaambie watu wake waje, kisha usirudi kwao? Mtu gani anatangaza namna hiyo?

Alhamisi walitangaza Butiama asubuhi, na kabla ya saa sita walikuwa Bunda. Hyasinta hakumwambia Mniko aende stendi. Alimwelekeza nyuma ya saluni ya kinyozi mmoja, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, ambako vijana wa mji ule walikuwa wanarekodia. Fundi mitambo alimkumbuka Bernado vizuri.

"Aliimba siku nzima," alisema. "Lakini alikuwa anatoka jasho, dada, fulana unaweza kuikamua. Wimbo wa pili alipomaliza akasema kifua kinambana. Akaweka litungu chini, pale. Florian akamchukua kwenye bajaji, akasema anampeleka hospitali. Kesho yake akaja peke yake kuchukua flashi na litungu. Nikamuuliza mzee anaendeleaje. Akasema mzima."

"Litungu alilichukua Florian?"

"Ndiyo."

Hyasinta na Mniko wakatazamana. Mwanamuziki yule, hata harusini, chakula kikiletwa, alikuwa akila litungu likiwa mapajani. Kila mtu mkoani Mara alilijua hilo.

Kwenye lango la hospitali hawakupata hata nafasi ya kuuliza. Mwanamume wa makamo, amevaa koti la kijani na buti za mpira, alikuwa anatoka kwenda kula. Alipofika usawa wa pikapu akasimama. Aliinama kwenye mlango, kati ya uso wake na uso wa bangoni ikabaki shubiri moja tu. Kisha akasoma kwa sauti ya chini, kama mtoto anayejifunza: "Bernado... anapiga... live."

Akainua macho. "Nyie huyu mmemtoa wapi?"

"Tunamtangaza," Mniko alisema. "Ana onyesho Jumamosi."

"Mimi ni wa chumba cha maiti," mtu yule alisema. "Huyu ninaye mimi. Wiki ya tatu. Aliletwa na mtu akasema kamwokota njiani hamjui, akaondoka. Hakuvuka usiku. Tumeandika jina halijulikani." Akalitazama bango tena. "Na kwa kuwa hana mtu, Jumamosi ndiyo anakwenda kuzikwa."

Hyasinta aliingia naye. Hakukaa hata dakika tatu. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa gari, akaanza kulibandua bango kwa kucha. Gundi ilikuwa kali, likatoka vipande, jicho likabaki, na kipande cha tabasamu. Mniko akaja na maji na kisu, wakakwangua.

Florian alipopokea simu safari hii hakuwa na ile furaha yake.

"Nilimpeleka hospitali, dada. Ningefanya nini tena?"

"Ungesema jina lake. Ungemwambia mkewe."

"Na onyesho? Nimetangaza mkoa mzima. Nilikuwa nasubiri Jumamosi ipite, Jumapili niende Kiriba mwenyewe kwa magoti. Amekufa, hafi mara mbili."

"Florian, waambie watu."

"Sawa," Florian akasema. "Nitawatangazia mwenyewe. Niachie hilo."

Kwa Jenoveva hakupiga simu. Mara mbili alibonyeza namba, mara mbili akaikata. Yeye aliyezungumza na masoko mazima hakujua angemwanzaje mwanamke mmoja. Kwa hiyo wakaendesha. Spika zilikuwa zimezimwa njia nzima, na Suguti watu waliinuka vibarazani kuitazama pikapu ile waliyoizoea kwa kelele, safari hii inapita kimya kama ya polisi. Kufika Kiriba, jua lilikuwa bado juu. Watu walishaanza kutoka. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Walilifuata gari kwa miguu, nyuma yake, wengi na wengi zaidi.

Jenoveva alikuwa amesimama palepale alipolisimamisha jana. Alimwona Hyasinta akishuka, akautazama mlango uliokwanguliwa.

"Usiseme kwa nguvu," alisema. "Mama yake Bernado yuko ndani."

Ijumaa ndugu walikwenda Bunda, wakamtambua marehemu, wakarudi naye. Wengine walitaka kwenda polisi siku hiyohiyo, lakini baba mdogo wa Bernado akasema wazike kwanza. Maziko yakapangwa Jumamosi saa nane. Hyasinta akabaki msibani, akisonga ugali na wanawake wa ukoo ambao hakuwa akiwajua. Moyo haukumtulia, na asubuhi akamtuma Mniko mjini na pikapu, akaone kama Florian ametimiza ahadi.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa uani, katekista ameshika kitabu, simu ilipotetemeka kiunoni mwa Hyasinta. Akajitenga nyuma ya kihenge cha mtama.

"Dada, huku kumejaa," Mniko alisema. Nyuma yake litungu lilikuwa linalia, na sauti ya Bernado, ileile, inaimba. "Kumejaa mpaka juu ya ukuta. Hajawaambia."

"Sasa anasema nini?"

"Mshereheshaji anasema Bernado anavaa. Anamalizia kuvaa, anatoka sasa hivi. Watu wanampigia makofi."

Hyasinta alichungulia. Jenoveva alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, kiganja kwenye ubao wa jeneza, anaupapasa taratibu kama mtu anayetafuta joto. Hasira iliyompanda Hyasinta hakuwahi kuijua. Ilimfika kooni, mahali palepale inapotokea sauti.

"Uko umbali gani na lango?"

"Niko langoni."

"Washa spika. Weka simu kwenye kipaza sauti."

"Dada." Mniko alisita. "Watu hawa ni wengi. Na mlango ni mmoja tu."

"Weka, Mniko."

Alisikia mkwaruzo, kisha mlio mkali, kisha pumzi yake mwenyewe ikirudi kutoka mbali, kubwa kuliko yeye. Hakuwa ameandika kitu. Alisema, "Mimi ni Hyasinta Nyangi. Mnanijua. Mimi ndiye niliyewaita hapo. Bernado Kasmiri havai nguo. Amekufa, hii sasa wiki ya tatu, Florian anajua, na sasa hivi tunamzika Kiriba. Huyo mnayemsikia ni marehemu."

Nyuma yake katekista alianzisha wimbo, waombolezaji wakaupokea, nao ukaingia kwenye simu ukaenda Musoma. Kwa muda aliweza kusikia nyimbo mbili kwa pamoja, ule wa maziko na ule wa litungu. Halafu litungu likakatika. Kukawa kimya, watu elfu na zaidi kimya, na kimya hicho kilimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kusikia kwenye kazi yake. Kisha ukaja mngurumo. Akaita, "Mniko!" Kitu kikapasuka. Simu ikafa.

Alirusha udongo kaburini kama wengine. Alipiga namba ile mara ishirini, na kila mara mwanamke wa kampuni ya simu alimjibu kwa upole kwamba hapatikani. Alijikuta akimchukia mwanamke yule kwa jinsi sauti yake ilivyo nzuri.

Jua lilipokuwa linaelekea ziwani, Mniko alimpigia kwa simu ya kuazima. Alikuwa mzima. Vioo vya pikapu vilivunjwa, spika ziling'olewa. Florian alikimbilia mikononi mwa polisi, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Walimkuta na lile litungu nyuma ya kiti cha gari lake. Jukwaa lilichomwa moto. Watu walikimbilia kwenye lango wote kwa pamoja, na akina mama wa ngoma kutoka Bunda, waliokuwa wameshacheza na kusimama karibu na lango, walikandamizwa ukutani.

"Wangapi?" Hyasinta aliuliza.

"Wanne wako hospitali. Mmoja, Benedikta, yule anayewaongozaga... mguu na kiuno."

"Mniko, ungenikatalia."

"Nilikuambia, dada," Mniko alisema.

Jumatatu Hyasinta alikwenda wodini na chupa ya uji na machungwa. Benedikta alikuwa mwanamke mrefu, kitanda kilikuwa kifupi kwake. Mguu mmoja ulifungwa mpaka juu ya goti. Rangi nyeupe aliyojichora usoni kwa ajili ya ngoma ilikuwa bado imebaki kwenye mizizi ya nywele. Labda hakuna aliyekumbuka kumwosha vizuri. Hyasinta alimwamkia, akaweka machungwa kwenye kabati, akauliza usiku ulikuwaje.

Mgonjwa alifumba macho, akakaza uso kama anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini, mama?"

Benedikta akafumbua macho.

"Ni wewe wa spika za langoni."

"Ni mimi," Hyasinta alisema. Akavuta stuli, akakaa, akasubiri aambiwe lolote.