Nyanya za Maji Matupu

Kwiii. Kifuniko cha chupa kililia gizani, na Salima akakifunika haraka kwa kiganja, kama anayemziba mtoto mdomo. Kitandani binti yake Kaoutar akajigeuza.

"Mama, iko nini?"

"Hakuna kitu, mama. Lala."

Kulikuwa hakujapambazuka. Asmani, mumewe, alikuwa bado ziwani na wavuvi wenzake wa ndagala. Salima alimimina dawa kidogo kwenye pompa ya kupulizia, akajaza maji, akatoka kwa kunyata mpaka kwenye nyanya zake nyuma ya nyumba. Alinyata kama mwizi, na shamba ni lake.

Kikundi cha kina mama wa Gatete kilitaka kujua kama ile dawa ya kupulizia majani inafaa, kabla ya kuiingiza kwenye mashamba yote. Providence, agronomu kijana aliyewashauri mambo ya kilimo, aliwaambia wajaribu kwanza: nusu ya mistari ipuliziwe dawa, nusu ipuliziwe maji matupu, kisha walinganishe. Wakamchagua Salima kwa kuwa alikuwa anasoma masomo ya jioni. Alifurahi! Akajiona tayari amesimama mbele ya wenzake, anawafundisha.

Ila Providence aliongeza neno. "Hii haiui wadudu," alisema. "Ni chakula. Jani linakunywa kama mutoto anavyokunywa uji."

Neno hilo likamkaa Salima rohoni. Mistari ya maji ilipoanza kuwa njano, hakuweza kuipita bila kugeuza uso. Kwao hakuna aliyewahi kula mbele ya mtoto wa jirani bila kumkatia tonge. Sasa hawa wanakula, na wale pembeni wanawatazama? Alfajiri moja akawapa hao wa maji dawa kidogo tu. Baada ya hapo hakuweza tena kuwanyima.

Siku ya kuja kuangalia, kina mama walipita katikati ya mistari wakiwa wamekunja vitenge. Majani yote yalikuwa kijani, huku na huku. Chausiku, ambaye hata msibani hakosi utani, alichuchumaa na kuinua jani.

"Providence, mwanangu, nionyeshe dawa iko wapi na maji iko wapi. Macho yangu imezeeka."

Wakacheka.

"Basi maji ya ziwa letu nayo ni dawa! Tuyajaze kwenye bidoni, tuwauzie watu wa Bujumbura!"

Providence akamgeukia Salima. "Mama Kaoutar, hii mistari ulipulizia maji tu?"

"Ndiyo," alijibu Salima. "Maji tu."

Domitille, mkubwa wa kikundi, akakung'uta mikono. "Imekwisha. Dawa haisaidii. Murakoze, tunashukuru, binti, lakini usiturudie tena na chupa zako."

Providence hakubisha. Aliinama, akageuza jani moja, akalitazama upande wa chini. "Labda nilikosea mimi kipimo," alisema taratibu.

Angekasirika, Salima angeweza kunyamaza. Lakini yule binti alikuwa anatafuta kosa lake mwenyewe kwenye jani, na halikuwepo. Masikio ya Salima yakawaka moto.

"Nilizipa," alisema.

"Ulizipa nini?" akauliza Domitille.

"Dawa. Na hizi za maji pia. Zilikuwa njano... nikazionea huruma. Nimewadanganya."

"Huruma ya nyanya!" Chausiku akapiga makofi. "Wee, Mama Kaoutar, na shule yote ile ya jioni!" Safari hii alicheka peke yake, akaacha katikati.

Salima alitazama vidole vya miguu yake, vimejaa tope. Hakujua mikono aiweke wapi.

"Kwa hiyo hatujui kitu," alisema Domitille.

"Hatujui," alijibu Providence. "Labda dawa ilisaidia. Labda njano ingeisha yenyewe. Msimu umepita hivi hivi." Hakusema kwa ukali, na huo upole ndio uliomchoma Salima zaidi.

"Nipeni tena," alisema bila kuinua uso. "Nitapanda kando ya njia, kila mtu aone."

Domitille alimtazama. "Utaweza kuziona zinakuwa njano, unyamaze?"

Salima aligeukia ile mistari ya maji. "Nitaweza."

Msimu uliofuata alipanda kando ya njia. Providence alikuja akamsalimia kama zamani, akaweka vijiti vya alama, akaenda zake. Salima alishindwa hata kumwangalia usoni.

Majani ya mistari ya maji yalipoanza tena kufifia, Salima alikuwa amemaliza kupulizia upande wa dawa, na pompa ilikuwa imebaki na dawa kidogo. Hakuna mtu njiani. Akasimama hapo, mkono kwenye mpini, akiangalia jani dogo kabisa lililojikunja.

Kaoutar, aliyekuwa akimfuata nyuma, akaja akasimama mbele ya mstari.

"Mama, hizi hatuzipi dawa."

Salima akauachia mpini.