Masuke ya Kwenye Mifuko

Mume wangu Lawali ana ugonjwa mmoja, ukarimu. Ungekuwa mwingine ningempeleka zahanati.

Msimu mzima nilimwambia mpaka koo likakauka: masuke niliyoyafunika kwa mifuko ya karatasi katikati ya shamba yasiguswe. Ni uwele chotara niliouchanganya kwa mkono wangu, wetu mrefu wa kienyeji na ule wa Malam Sanda, mtaalamu wa mbegu kutoka Maradi, unaowahi kukomaa kabla mvua haijatukimbia. Mifuko inazuia vumbi la maua ya mashamba ya jirani. Mbegu yangu yote ya mwakani ilikuwa mle. Nikisema hivyo, Lawali anaitikia "eeh" huku akitafuta stesheni ya redio.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa dada yangu kumpa mtoto wake jina. Narudi mchana, nyumbani kunanukia uwele mbichi wa kuchoma. Malam Sanda amekaa mkekani, anapukusa punje moto kiganjani, anapuliza makapi, anatia mdomoni.

"Mama Sahabi, karibu," akasema. "Uwele mtamu huu. Aina gani?"

Karibu na moto niliona mifuko yangu, imekunjwa vizuri, mmoja juu ya mwingine.

"Lawali, umechuma wapi?"

"Pale ulipofunika. Kwingine kote ndege wamedonoa. Nikasema mke wangu ana akili, kawawekea wageni. Au nimpe mtu mkubwa kama huyu mabaki ya ndege?"

Malam Sanda akaacha kutafuna. Akaitazama mifuko, akanitazama mimi, kisha akameza, maana afanyeje.

"Umechuma yote?" akauliza.

"Yote. Mimi si bahili."

Niliyomwambia Lawali siyarudii hapa, mengine yalimgusa mama yake. Nilipoanza kulia ndipo akakumbuka.

"Ila moja nilimpelekea Inna. La kwanza ni la mzee."

Nikakimbilia chumbani kwa mama mkwe. Inna hana jino hata moja. Alikuwa kitandani, suke zima mapajani, refu, limejaa, halijachomwa.

"Nyumba nzima hakuna wa kunitwangia," akasema. "Wewe ukiwepo uko shamba, usipokuwepo uko kwa dada yako. Mkwe gani wewe?"

"Mkwe mbaya kabisa, Inna," nikasema, nikacheka huku nalia.

Malam Sanda, aliyenifuata hadi mlangoni, aliingia akabonyeza punje kwa ukucha. "Zimeanza kukaza. Zikikaushwa taratibu kivulini, nyingi zitaota."

Inna akalikumbatia suke. "Ziote nini? Hiki chakula changu."

Nilimbembeleza mpaka magharibi. Alilitoa kwa sharti moja: atwangiwe kila asubuhi, bila kukosa, mpaka mbegu hiyo izae.

Suke linakauka juu ya kitanda changu. Mchi nimempa Lawali. Kila asubuhi wanawake wa mtaa mzima wanapitia kwetu kwenda kisimani, hata wale ambao njia yao si hii, wamtazame mwanamume akitwanga.