Lindo la Saa Sita Mchana

Funzi ni kisiwa, na maji yanayokizunguka hayanyweki. Visima vyenyewe vina chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Kwa hiyo mtoto wa Funzi, kabla hajafundishwa alifu, hufundishwa mabeseni. Wingu likisimama upande wa bahari, zito kama ukuta, unaacha ulichoshika, hata kama ni kijiko cha uji, unakimbia kutega vyombo chini ya mabati. Bi Mishi alikuwa na beseni la buluu lenye ufa, alioziba kwa lami aliyobandua barabarani Msambweni. Mahali pa beseni hilo palikuwa juu ya jiwe nyuma ya jiko, na aliyeliweka kwingine alijuta. Mwanawe Kibwana alichapwa zaidi kwa ajili ya beseni hilo kuliko kwa kukosa chuoni.

Labda ndiyo sababu alikimbilia jeshi. Alikwenda bila ruhusa, na siku aliyokuja kuaga akiwa amekwisha kunyolewa, Bi Mishi hakumpa mkono.

"Nenda," alimwambia. "Radhi zangu utaziacha hapa hapa mlangoni."

Mwaka wa 1997 Kibwana alikuwa kambini ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Jua la huko halichomi tu, linakukalia kifuani. Bunduki ikiachwa nje kidogo huwezi kuishika bila kitambaa. Vumbi liko ndani ya ugali, ndani ya masikio, ndani ya soksi ulizozivaa sasa hivi. Maji yaliletwa kwa lori, yakamiminwa katika mapipa, na kila askari alipewa chupa zake, akinawa nayo uso shauri yake.

Habari za nyumbani zikafika kwa redio ya jeshi. Mama hali yake mbaya, macho hayaoni tena, anamwita Kibwana. Sajenti Jethro, ambaye si mtu wa kulia na wanaolia, alimpa likizo.

"Lori la maji likirudi kesho, panda. Usipopanda, nafasi ni ya Chome."

Kibwana hakutaka kingine. Alitaka kuubusu ule mkono alionyimwa, na kusikia neno moja, nimekuradhi. Bila neno hilo, mtoto wa Kiislamu hata akijengewa kaburi la marumaru analala vibaya.

Koplo Chome alikuwa Mduruma wa nyika za Kinango, mtu aliyenyonya vumbi pamoja na maziwa. Alasiri hiyo walikuwa wawili penye mapipa, wengine wamelala hemani. Redio ilikuwa inasema mvua kubwa ambayo haijapata kuonekana iko njiani, na ndipo ukuta uliposimama upande wa mashariki, kutoka ardhini hadi mbinguni.

"Mvua," Kibwana alisema. Miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia.

Chome aliutazama ule ukuta. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Haukuwa na ngurumo, wala harufu ya mvua.

"Naam," alisema. "Mvua hiyo."

Kibwana akafungua pipa la kwanza, la pili, akatega masufuria ya mpishi, akatega hadi kofia yake ya chuma. Chome alikuwa ameketi, anajifunga kitambaa puani taratibu.

"Na lile la mwisho, ndugu yangu. Usilibague."

Kibwana akalifungua na lile la mwisho.

Vumbi lilipopita, mapipa yote yalikuwa uji. Sajenti Jethro alichovya kidole, akakitazama kwa muda.

"Nani alikwambia ufungue?"

"Niliona wingu, afande."

"Aliona wingu," Jethro aliwaambia wengine. "Basi hii ndiyo mvua yake. Mpeni kikombe."

Alikunywa mbele ya kikosi kizima, meno yakisaga mchanga. Kisha akapewa kazi ya kuchuja mapipa yote kwa fulana yake mwenyewe, na lori likaondoka na Chome.

Kabla halijaondoka Kibwana alilishika mlango. "Koplo, nakuomba. Pita Funzi. Mwambie mama nakuja. Mwambie anisubiri."

"Mimi na maji hatusalimiani," Chome alisema. "Lakini nitapita."

Alipita kweli. Aliporudi, mashavu yamejaa, mvua iliyotangazwa ilikuwa inaizamisha Kwale. Chalbi haikuwa imepata hata tone.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Mama ametangulia. Lakini alifurahi. Si alikuwa haoni? Niliingia na magwanda yangu, akaupapasa mkono, akasema, 'Kibwana.' Nyumba nzima inanitazama mimi. Ningesema nini? Nikasema, 'Naam, mama.' Akazungumza na wewe. Yaani na mimi."

Kibwana alikaa chini. Akauliza, "Alisema nini?"

Chome akaangalia jua, akaangalia ratiba ya zamu iliyobandikwa kwenye nguzo ya hema.

"Tatizo," alisema, "leo nina lindo la saa sita."

Kibwana akachukua bunduki akaenda kusimama badala yake. Jioni yake akapewa, "Alisema, alhamdulillahi umerudi mzima." Kesho yake akasimama tena, akapewa, "Alisema usiache swala." Siku ya kimbunga cha vumbi hakuweza kusimama. Alilala kifudifudi juu ya bunduki, shuka kichwani, akihesabu pumzi zake ili asivute mbili pamoja. Alipochimbuka, nyusi nyeupe kama mzee, Chome alimtazama akacheka kwa upendo kabisa.

"Siku hiyo mama alikohoa sana. Hakusema mengi."

Wenzao walijua. Wengine walimwuliza Kibwana kama shangazi yao naye anaweza kusemeshwa kwa bei hiyo. Sajenti Jethro alijua pia, na kwa kuwa lindo halikukosa mtu, hakuona kosa.

Hatimaye Kibwana akauliza lenyewe. "Na radhi?"

"Hilo neno zito," Chome alisema. "Hilo ni la wiki nzima."

Wiki ile midomo ilimpasuka hata akawa hawezi kutafuna. Damu ya pua ilikauka kabla haijafika mdomoni. Alijifunza kugeuka na kivuli chake mwenyewe ili walau unyayo mmoja upumzike. Ilipokwisha, Chome alikuwa kitandani anakula biskuti za jeshi. Alipangusa makombo kidevuni, akasema kwa heshima, "Alisema, nimekuradhi, mwanangu, dunia na akhera."

Kibwana alilia. Machozi yalipita juu ya vumbi yakaacha mistari, na hakuna aliyemcheka. Jioni hiyo alikaa penye chai pamoja na wengine, amelegea kama mtu aliyetua mzigo.

Chome naye alikuwa na raha zake, akawa anasimulia safari.

"Ile mashua wacheni tu. Sasa nafika, bibi wa watu roho inamtoka, kaniita jina mara moja, kimya. Mara mvua ikapiga bati. Kanikaba mkono huu, alama ninazo. 'Mabeseni, zuzu wee. La buluu, juu ya jiwe.' Nikatoka na magwanda kwenye mvua. Nazunguka, jiwe silioni. Kurudi ndani, ameshakwenda. Neno lake la mwisho duniani, zuzu."

Walicheka sana. Kibwana hakucheka. Hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kambini habari za beseni la buluu.

"Kaniita jina mara moja," alisema polepole. "Kisha mabeseni. Basi."

Kicheko kikapungua. Chome akatazama kikombe chake.

"Na radhi?"

"Ungetaka nikwambieje, ndugu yangu? Ulikuwa umeshalipa."

Upepo ulianza kuvuta maturubai. Mtu mmoja akafunika sufuria ya chai. Kibwana alikuwa bado anamtazama Chome.

"Beseni uliliweka wapi?"

"Kwa mvua ile? Nililiacha pale mlangoni."