Jasho la Watu

Benchi lile la jimu lilinuka. Kikwapa cha leo kimelala juu ya kikwapa cha mwaka jana. Ngozi imepasuka, sponji limechungulia, na kila mbeba mizigo na mwenye duka wa Kariakoo ameacha jasho lake humo. Na mimi, Severa, mtu ninayefua hata kamba ya kuanikia, niliambiwa nililalie kifudifudi.

Sikuwa na namna. Nilitegua mgongo nikimwinua mama kitandani. Mama amepooza upande mmoja, na nyumbani wa kumwinua ni mimi tu. Kaka yangu Onesphory, asiyejua hata shuka zinakaa wapi, alishaamua: mwezi ukiisha na bado siwezi kumwinua, mama anarudishwa Rombo akatunzwe na mtu wa kulipwa. Mama hataki. Rombo amebakiwa na makaburi tu.

Shaibu, mwalimu wa jimu, kijana wa Lindi, ndiye aliyenichagulia zoezi.

"Kuvuta chuma umeinama, hapana dada, kiuno chako hakitakubali. Mashine ya kamba nayo imekufa. Utalalia benchi la mteremko, mikono ining'inie, uvute kama mtu anayepiga kasia. Viwiko viende kiunoni, sio masikioni."

Nilitandika kanga. Ikateleza, nami nikateleza nayo mpaka kidevu kikagonga chuma. Shaibu akaiokota, akaikunja.

"Hii katandike nyumbani, dada."

Basi nikalala. Ngozi ilikuwa bado imelowa jasho la jitu moja lililotoka hapo sasa hivi, lililokuwa likijitazama kwenye kioo na kuguna kama linajifungua. Majimaji yale yakapenya fulana yangu. Nikavuta huku nimeinua kifua kisiguse, na kiuno kikaniuma palepale.

"Unaona?" alisema Shaibu. "Ukijitenga na benchi, kiuno ndicho kinabeba. Kifua kigande. Vuta taratibu, bana mabega nyuma, shusha taratibu."

"Kinyaa, Shaibu."

"Na mgonjwa unamwinuaje?"

Nikamwonyesha: mikono mbele, kifua mbali, uso nimeugeuzia dirishani, maana mkojo wa usiku una harufu yake. Shaibu alinionyesha benchi kwa kidole.

Nikagandisha kifua. Nikavuta, na kiuno kikanyamaza. Wanaosema utazoea ni waongo. Sikuzoea hata siku moja. Kila jioni nilirudi nyumbani nikitema mate njia nzima.

Mwezi ulipoisha Onesphory alikuja kutoka ofisini Posta, akasimama mlangoni, leso puani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka jimu. Mama alikuwa amelowa mpaka mgongoni. Nilikunja magoti, nikakibandika kifua changu kwenye kifua chake, gauni lake likanilowesha hadi tumboni. Harufu ikanipanda puani na sikugeuza uso. Nikavuta viwiko kiunoni, taratibu. Mama akainuka. Mgongo wangu haukusema neno.

Shavu lake lilikuwa shingoni mwangu. Akanusa, akanusa tena, kisha akakunja pua.

"Severa," alisema kwa ule upande wa mdomo ulio mzima, "unanuka jasho la wanaume. Ukaoge ndipo unishike."

Onesphory akashusha leso.

"Tutaoga wote, mama," nikamwambia, na sikumwachia.