Dhahabu ya Pijo ya Mzee Ombui

Byron alipofika kona ya Macalder alizima pikipiki akaanza kuisukuma. Mafuta yalikuwa mengi tu. Ni vile alitaka kuchelewa.

Alikuwa ametoka Homa Bay asubuhi, na njia nzima alikuwa akijiambia leo atasema. Alipopita Rongo alisema atasema. Migori mjini alikunywa chai na chapati, akajiapia kabisa kwamba atasema. Sasa boma la Mzee Ombui lilikuwa pale mbele, na ulimi wake ulikuwa umelala mdomoni kama wa mtu mwingine.

Chini ya kibanda cha mabati, Pijo ilikuwa imesimama juu ya mawe. Pijo 404 pikapu, rangi ya maziwa, gari ambayo Mzee Ombui alikuwa ameiosha na kuipaka mafuta miaka na miaka mpaka watu wa Macalder wakasema ni bibi yake wa pili. Leo haikuwa na mlango wa kushoto. Sakafu ilikuwa imekatwa kwa tindo. Zile bodi za pembeni, chini ya milango, zilikuwa zimepasuliwa kama na mtu anayetafuta mfupa ndani ya samaki.

Waliofanya hivyo ni wengine, si Byron. Lakini Byron ndiye aliyewaita, na Mzee Ombui hakujua.

Ilianza na mchezo, kama mambo yote ya Byron. Huyu ni kijana aliyeacha digrii ya uinjinia katikati, na mtu akimuuliza anamaliza lini, anajibu kwamba yuko kwa likizo ndefu. Katika hiyo likizo alikuwa amefungua grupu ya Facebook ya wapenzi wa magari ya zamani, akaiita Vyuma vya Nyanza. Na ukweli lazima usemwe, grupu ilikuwa na kazi yake. Mzee Ombui alikuwa ametafuta kioo cha mbele cha Pijo mpaka akachoka, akaenda Kisumu, akaenda Nairobi, akarudi mikono mitupu. Byron alipoposti picha, mtu wa Nakuru alijibu kabla chai haijapoa. Ati kioo kiko kwa stoo yake, kuku wanalala juu yake.

"Kumbe huko ndani kuna watu," Mzee alisema siku hiyo, akiiangalia simu ya Byron kama mtu anayechungulia kisima. Yeye mwenyewe alikuwa na simu ya kabambe, ya kubonyeza tu. Tangu hapo Byron akawa macho yake. Kila akija, kazi ya kwanza ni kusomea Mzee yale watu wameandika. Na Mzee hakuwahi kumuuliza habari ya digrii. Hata mara moja.

Halafu siku moja Byron akalala chini ya Pijo, akapiga picha ya tope iliyokauka kwa chesi, vile vyuma vya chini, akaandika: "Hii Pijo ndiyo ilibeba mawe ya dhahabu ya wazungu hapa Macalder. Tope ya chini haijawahi kuoshwa. Mwenyewe hajui kitu, na Sabato ako kanisani mpaka jioni. Nani ako na karai ya kuoshea?"

Grupu ilicheka. Mtu yeyote wa magari angejua huo ni uongo, kwa sababu mgodi wa wazungu ulifungwa kabla gari yenyewe haijatoka kiwandani. Lakini posti haikai pale umeiweka. Mtu aliisambaza, mwingine akaisambaza, ikafika Osiri kwa wachimbaji wa dhahabu. Na huko Osiri tope si kichekesho. Huko kuna watu wanaoosha vumbi lililofagiwa kwa sakafu ya mnunuzi wa dhahabu, na wanapata. Wangeona tope ya gari iliyobeba mawe ya wazungu waiache?

Walikuja Jumamosi, na karai, na tindo, na magunia. Mzee Ombui na mkewe Dorah walikuwa kanisani, vile posti ilivyosema.

Dorah ndiye alimsimulia Byron kilichofuata. Walirudi, Mzee akaona, hakupiga kelele. Sabato haikuwa imeisha, na yeye siku ya Sabato hashiki hata spana. Akaleta kiti, akakaa kando ya gari na suti yake ya kanisa, akangoja. Jua lilipozama alivua koti, akapiga magoti kwa nyasi, akaanza kuokota nati.

Hiyo picha ya mzee na suti ilikuwa imekataa kutoka kwa kichwa cha Byron. Alikuwa ameifuta ile posti haraka. Halafu akaposti nyingine, yenye machozi, ati wezi wameharibu gari ya mzee wetu. Watu wakamwaga huruma. Huyu anatuma sakafu, yule anatuma mpira wa mlango. Wakamwita Byron shujaa.

Ni Risper peke yake hakumwita shujaa. Risper wa Magunga, anayeendesha Land Rover ya marehemu babake, alikuwa admini mwenzake. Alimpigia simu.

"Omera, ndugu yangu, ulifuta posti ukidhani umefuta nini?"

"Risper, ilikuwa jokes."

"Jokes ni ya watu wawili. Sikiza. Jumapili tunakutana na magari yetu hapo Homa Bay. Jaduong', Mzee Ombui mwenyewe, ameniambia atakuja hata kama ni kwa gari ya watu, akushukuru mbele ya kila mtu. Mimi nitakuwa hapo. Na sitapiga makofi."

Ndiyo maana leo Byron alikuwa anasukuma pikipiki yenye mafuta.

"Kijana wangu, imekuharibikia?" Dorah aliuliza kutoka jikoni.

"Hapana, mama. Nanyoosha miguu."

"Miguu ya kutoka Homa Bay? Kuja ukunywe uji."

Miguu miwili ilichomoza chini ya Pijo, kisha Mzee Ombui mzima, uso mweusi wa grisi, meno yote nje.

"Byron! Nilikuwa nakungoja. Kaa hapo. Nisomee kwanza, kazi baadaye."

"Mzee, nilikuwa nataka..."

"Utataka baadaye. Soma."

Byron alikaa kwa debe, akafungua simu. Akasoma ya mtu wa Nakuru, ya mwalimu mmoja wa Kisii, ya mwanamke wa Eldoret aliyesema amelia. Mzee alikuwa akiitikia kila moja kama mtu yuko kwa ibada. "Eeeh. Mungu ambariki. Eeeh."

Halafu kidole kikafika kwa Tony. Tony wa Awendo, mwenye Datsun. Komenti yake ilikuwa imeingia asubuhi hiyo.

Byron aliiona yote mara moja. Angeweza kuiruka. Nani angejua? Mzee hakuwa anaangalia simu, alikuwa anaangalia mdomo wake, na tabasamu bado iko hapo, inangoja mtu mwingine wa kubariki.

"Tony anasema," Byron akaanza. "Anasema, 'Admini, si ni wewe uliposti ati hii gari iko na dhahabu? Mbona ulifuta?'"

Kule jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria.

"Soma tena," Mzee alisema.

Akasoma tena.

"Wewe ndiye admini."

"Ndiyo, Mzee."

"Uliandika nini?"

Byron hakuhitaji simu. Alikuwa anaijua kwa moyo, karai na yote. Alipofika kwa Sabato alitamani ardhi ifunguke, lakini alisema.

Mzee Ombui alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Hiyo ya tope ningecheka," alisema mwishowe. "Kweli ningecheka. Lakini ile saa mimi sipo nyumbani, hiyo nilikupatia mimi, ukiwa umekaa hapo hapo kwa debe. Nilikuambia usisumbuke kuja Jumamosi."

"Nisamehe, Mzee."

"Ngoja na hiyo." Hakupandisha sauti. "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika, 'Gari ya Ombui haina dhahabu na haijawahi kuwa nayo. Aliyedanganya ni Byron, mwenye kumsomea mzee hii grupu. Wale mlituma vitu kwa sababu ya wezi, jueni aliyewaita wezi.' Weka jina lako lote. Na usiweke zile sura za kucheka."

Byron aliandika. Kisha akabonyeza kitufe.

Majibu hayakuchelewa. Hayajawahi kuchelewa.

"Soma," Mzee alisema. "Usiruke."

"Tony anasema mimi ni bure kabisa." Simu ikalia. "Huyu anasema nitolewe uadmini. Huyu... anasema kichwa yangu ni debe tupu."

Dorah alikuwa amekuja mlangoni. Alificha mdomo kwa leso. Mzee hakucheka.

"Risper anasema, 'Nimeona.' Basi." Byron akasogeza kidole. "Huyu simjui. Anaitwa Bravin, wa Osiri. Anasema, 'Mimi nilikuwa kati ya wale. Tulipoteza mekyuri yetu ya kunasa dhahabu bure, hatukupata hata punje. Ule mlango uko kwangu. Niko na mashine ya welding. Naogopa kuja.'"

Kuku walipita katikati yao, wakadonoa chini ya gari, wakatoka.

"Ameandika anaogopa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwambie alete mlango na hiyo mashine. Mwambie atakukuta hapa. Wewe Homa Bay huendi Jumapili. Wewe huendi mahali, mpaka hii sakafu ikanyagwe."

"Sawa, Mzee."

"Na mimi sijakusamehe. Usije ukadhani kazi ni msamaha. Hiyo nitaangalia."

Byron alijibu Bravin, akavua jaketi, akalala chini, akajisukuma chini ya Pijo kwa mgongo. Kupitia sakafu ya nyuma iliyokatwa aliona mabati ya kibanda, na misumari yake, na mahali pa kuanzia hapakuonekana. Mzee aliinama akampa brashi ya waya bila kumwangalia. Simu, iliyobaki kwa debe, ililia, ikalia tena.

"Nani atasoma sasa?" Mzee aliuliza.

Dorah aliichukua, akavaa miwani yake ya Biblia, akaweka simu mbali kidogo na uso, akaendelea pale Byron alikuwa ameachia, kwa sauti ya kusikika barabarani, bila kuruka hata neno.